Sare, kipini na sala ya ufunguzi: mahakama hupimaje mambo ya dini kwenye taasisi ya umma?

Mjumbe wa Bodi ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uelewa wa sheria. Wanaotaka kushindana dini ipi ni bora, naomba leo watupishe.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya umma. Wanafunzi wetu ni mchanganyiko: Waislamu, Wakristo wa madhehebu mengi, Wahindu wachache, familia kadhaa za Kirasta, na wapo wasiofuata dini yoyote. Nimepewa kazi ya kuandika upya kanuni za sare, na kikao kilichopita kilichafuka. Mjumbe mmoja alisema nchi isiyo na dini maana yake ni kwamba dini inaachwa getini na kila mtoto anavaa sawa na mwenzake. Mwingine akamjibu kwamba nchi isiyo na dini maana yake ni serikali kukosa mamlaka ya kumvua mtu kitambaa chake. Wote wawili walipiga meza wakisema "mahakama zimeshaamua". Nilipowauliza mahakama ipi, na iliamua nini, hakuna aliyekuwa na jibu.

Kuna jambo la pili ambalo niliona haya kulileta kikaoni. Kila mkutano wetu hufunguliwa kwa sala, na siku zote ni sala ya dini moja. Ni dini yangu pia, na amina huwa naitikia kama wengine. Lakini safari hii niliinua macho kabla hatujamaliza, nikamwona mjumbe mwenzetu ametazama meza, mikono ameiweka mapajani, anatusubiri. Tangu siku hiyo sina raha.

Majaji wanaposema dola haina dini, wanakusudia nini hasa?

---

Mpenda Usawa amejibu:

Sare ni sare. Kazi yake ni kuficha tofauti: nani tajiri, nani maskini, nani anasali wapi. Ukimruhusu mmoja kitambaa, umeshatangaza dini yake darasani, na watoto wataanza kukaa kwa makundi. Ufaransa walimaliza mjadala huu kwa sheria ya tarehe 15 Machi 2004: alama za dini zinazoonekana wazi haziruhusiwi katika shule za umma, iwe hijabu, msalaba mkubwa au kipa, ile kofia ndogo ya Kiyahudi. Kanuni ni moja kwa wote, na hakuna anayeonewa. Msijitafutie kesi.

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Ndugu Mjumbe, nianze na kesi yangu ya kwanza ya aina hii, maana ilinifundisha kuliko vitabu. Nilisimama upande wa shule. Binti alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya kitambaa cha kichwani. Nilijiandaa vizuri sana: nidhamu, usawa, mamlaka ya mwalimu mkuu, yote niliyapanga. Nilizungumza karibu saa nzima. Jaji aliandika, akaandika, kisha akaweka kalamu chini akaniuliza: "Wakili, kitambaa hiki kimemzuia nani kusoma?" Niligeuka kumtazama mwalimu mkuu aliyekaa nyuma yangu. Akatikisa kichwa. Nikarudia hoja ya nidhamu. Jaji akasema, "Nidhamu nimekusikia. Nakuuliza madhara." Tulishindwa, na ilikuwa haki tushindwe.

Swali lile utalikuta, kwa maneno tofauti, katika mahakama nyingi za katiba duniani. Anayelalamika akishaonyesha kwamba imani yake ni ya kweli moyoni mwake na kwamba kanuni inaibana, mzigo unahamia kwa mwenye kanuni. Atalazimika kueleza kanuni inalinda nini, kama katazo lenyewe linakilinda kweli, na kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufika hapohapo. Wanasheria tunakiita kipimo cha uwiano. Neno "usekula", yaani dola kutokuwa na dini, peke yake halimvushi mtu katika mtihani huo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Canada. Novemba 2001, mtoto wa miaka 12 wa dini ya Masingasinga alikuwa kwenye uwanja wa shule huko Quebec, kirpani yake ikaanguka chini kutoka ndani ya nguo. Kirpani ni kisu cha chuma ambacho waumini wa dini hiyo waliopokea kiapo huvaa muda wote. Shule ikasema silaha hairuhusiwi, avae ya mfano tu, kama kidani. Mtoto akasema imani yake inataka ya chuma. Unaona ugumu wake: hapa hatuzungumzii kitambaa tena, ni kisu, na ni shule yenye watoto wadogo.

Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Canada ilifuta katazo hilo. Ukisoma hukumu utaona majaji walivyokaa na vitu vyenyewe. Yalikuwapo masharti ambayo familia ilishayakubali: kirpani iwe ndani ya ala ya mbao, ala izungushiwe kitambaa kigumu na kushonwa, kisha vyote vishonwe kwenye mkanda wake na kuvaliwa chini ya nguo. Kwa hali hiyo ingemchukua mtu muda kuitoa hata akitaka. Majaji wakaangalia pia historia: katika miaka 100 ya watoto wa dini hiyo kusoma shule za Canada, hakukuwa na tukio hata moja la kirpani kutumika kumdhuru mtu shuleni. Tena mikasi ipo darasani, na magongo ya besiboli yapo stoo, na hakuna aliyependekeza viondolewe. Usalama walikubali ni hoja nzito, ila hofu tupu haikutosha kuwa ushahidi.

Sasa nimjibu ndugu Mpenda Usawa kuhusu Ufaransa, maana watu wengi huanzia mwaka 2004 na kuacha sura ya kwanza. Mwaka 1989, baada ya wasichana kufukuzwa shule katika mji wa Creil kwa sababu ya hijabu, serikali iliomba maoni ya Conseil d'État, ambayo ndiyo mahakama ya juu ya mambo ya utawala kule. Jibu lilikuwa kwamba mwanafunzi kuvaa alama ya dini, kwa kitendo hicho chenyewe, hakupingani na dola isiyo na dini. Kilichokatazwa ni kushinikiza wenzake, kuwachokoza, kuhubiri kwa nguvu au kuvuruga masomo, na kila tukio lilipaswa kupimwa peke yake. Wakaenda hivyo karibu miaka 15. Aliyefunga mlango mwaka 2004 ni Bunge. Na mlango wenyewe ni wa shule za umma tu, haufiki chuo kikuu. Agosti 2016, mji wa Villeneuve-Loubet ulipopiga marufuku burkini, yaani vazi la kuogelea linalofunika mwili karibu wote, ufukweni, ni Conseil d'État hiyohiyo iliyosimamisha amri hiyo, kwa sababu haikuonyeshwa hatari yoyote ya kweli kwa utulivu wa watu. Hata katika nchi yenye msimamo mkali kuliko nyingi, majaji waliuliza swali nililoulizwa mimi.

Kuhusu hoja ya "kanuni moja kwa wote, hakuna anayeonewa", niliwahi kuiamini kwa moyo wote. Lakini angalia kalenda, angalia sare, angalia chakula cha shule: karibu kila mara vimeshonwa kwa kipimo cha walio wengi. Jumapili shule imefungwa, kwa hiyo Mkristo wa Jumapili hajawahi kuhitaji ruhusa ya mtu. Msabato anaihitaji kila wiki. Kanuni ni ileile, ila mmoja haigusi ngozi yake na mwingine inamchuna.

Wenzako kule kikaoni waliosema mahakama zimeshaamua, wamesema nusu. Kenya, kwa mfano, katiba inatamka wazi kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti ilianza Mahakama Kuu, ambako mwaka 2015 hijabu ilikataliwa. Mahakama ya Rufaa ikageuza mwaka 2016 na kuiruhusu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo ya rufaa, ila kwa sababu ya utaratibu: dai lilikuwa halikufunguliwa ipasavyo tangu mwanzo. Kiini cha jambo hawakukiamua. Mwaka huohuo, Septemba, Mahakama Kuu ya nchi hiyohiyo iliamuru binti wa Kirasta aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake aachwe asome. Nigeria nayo, Juni 2022, Mahakama ya Juu iliruhusu hijabu katika shule za umma za Lagos, majaji watano dhidi ya wawili. Kwa hiyo anayekuambia mlango umefungwa au umefunguliwa, mwombe hukumu yenyewe aisome mpaka mwisho.

---

Mwalimu wa Darasa amejibu:

Shikamoo wakili. Nimesoma yote na nimejifunza, lakini mimi ndiye ninayebaki na watoto asubuhi saa moja na nusu. Nikiruhusu kitambaa leo, kesho atakuja mwenye hereni, keshokutwa mwenye mkufu na kucha za rangi, wote watasema ni dini. Nitajuaje anayesema kweli? Nimekuwa sheikh? Nimekuwa mchungaji? Mtu akiniambia nipime madhara nitapima, lakini sina kipimo cha imani ya mtoto.

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Marahaba mwalimu. Umegusa panapouma, na majaji wenyewe wamewahi kujikwaa hapo vibaya.

Tazama India. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu kule ilisema katiba inalinda mambo yaliyo ya msingi katika dini, na kwamba msingi huo utafutwe katika mafundisho ya dini yenyewe. Lilionekana jambo jema. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, majaji wakajikuta wanafungua vitabu vitakatifu na kuamua hiki ni nguzo, kile ni mazoea tu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya jimbo la Karnataka ilikubali katazo la hijabu madarasani kwa hoja hiyo: kwamba hijabu haimo katika mambo ya lazima ya Uislamu. Fikiria binti aliyevaa kwa miaka yake yote, anaambiwa na jaji kwamba dini yake haimtaki avae. Oktoba mwaka huo shauri lilifika kwa majaji wawili wa Mahakama ya Juu, wakagawanyika. Jaji Hemant Gupta alikubaliana na Karnataka. Jaji Sudhanshu Dhulia alisema mahakama ya chini ilishika njia isiyofaa, kwamba swali lilikuwa uhuru wa binti kuchagua, na kwamba kilichomtia wasiwasi zaidi ni elimu ya wasichana hao. Mimi nasimama na Dhulia, na nasimama naye bila kusita.

Afrika Kusini walilikwepa shimo hilo. Mwanafunzi wa shule moja ya wasichana mjini Durban alirudi kutoka likizo ya mwaka 2004 na kipini puani, kidogo, cha dhahabu. Kanuni za shule ziliruhusu hereni za masikioni tu, tena moja kila sikio, na zikae usawa mmoja. Mama yake akaeleza kwamba ni desturi ya familia yao, Wahindu wenye asili ya kusini mwa India: binti akipevuka hutobolewa pua kama dalili kwamba amekuwa mtu mzima, na akifika miaka 16 bibi yake huja kumbadilishia kipini hicho kwa cha almasi. Shule ikauliza swali lako, mwalimu: je, dini inamlazimisha? Na jibu la kweli lilikuwa hapana. Ni hiari.

Shauri lilifika Mahakama ya Katiba mwaka 2007. Jaji Mkuu Pius Langa aliandika kwamba desturi ya hiari nayo inalindwa, kwa sababu uzito wa jambo katika maisha ya mtu haupimwi kwa kulazimishwa tu. Kinachotafutwa ni kama mtu ana imani ya dhati au la. Na ile hofu yako ya "kesho watakuja wote" shule ya Durban nayo iliileta, na Langa aliijibu moja kwa moja: watoto wengine wakipata ujasiri wa kuonyesha dini na tamaduni zao, hilo ni jambo la kusherehekea wala halitishi. Lakini hakufungua mlango bila kitasa. Alisema wazi kwamba wanafunzi hawajapewa ruhusa ya kuvunja sare ovyo, na shule inaweza kuandaa utaratibu wa kuomba ruhusa.

Kwa hiyo kucha za rangi hazikusumbui. Muulize mtoto na mzazi wake mambo ya kawaida: umeanza lini, nani mwingine nyumbani kwenu anafanya, ukikatazwa unapoteza nini. Mwenye imani ya dhati atakuwa na maelezo ya maisha yake. Hutahitaji kuwa sheikh wala mchungaji kuyasikia.

Na nidhamu si lazima ivunjike. Katika jimbo la Kerala, India, mwaka 1985, watoto watatu wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Walikuwa wanasimama. Kila asubuhi walisimama wima, kwa adabu, kimya, wenzao wakiimba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya India iliamuru warudishwe: aliyesimama kwa heshima hajamdharau mtu.

---

Mjumbe wa Bodi ameandika:

Asante sana wakili, na asante mwalimu, umeuliza nilichokuwa nacho moyoni. Lakini sala yetu umeipita. Wajumbe wenzangu wakisikia haya watasema: kama mtoto ana haki ya kitambaa chake, basi na sisi tuna haki ya sala yetu. Nitawajibu nini?

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Sikuipita, nilitaka tuitazame peke yake, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Binti mwenye kitambaa anajisemea mwenyewe. Hakuna anayemtazama akadhani serikali imevaa hijabu. Mwenyekiti wa bodi ya umma anapogonga meza, kufungua kikao na kuongoza sala, hapo kiti ndicho kinachosali. Katazo la dola kuwa na dini linakilenga kiti, na ndiyo maana mahakama moja inaweza kumlinda mtoto na kuzuia sala ya baraza bila kujipinga.

Canada tena. Katika mji wa Saguenay, Quebec, meya alikuwa anafungua kikao cha baraza la mji kwa sala, na mkazi mmoja asiyeamini Mungu akalalamika. Mwaka 2008 baraza likatunga kanuni: sala iendelee, ila kuwe na dakika mbili kati ya sala na kuanza kwa kikao, asiyetaka sala aweze kusubiri nje kisha aingie. Walidhani wamempa nafasi. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, na iliona zile dakika mbili zimezidisha ubaguzi badala ya kuuondoa. Jiweke wewe kwenye korido ile. Umekuja kufuatilia shughuli za mji unaoulipia kodi. Ndani watu wanasali. Sala inakwisha, mlango unafunguliwa, unaingia peke yako na macho yote yanakutazama. Kila mtu sasa anajua usichoamini. Na kama hutaki kujulikana, baki ndani ujifanye unasali.

Ndugu yangu, mjumbe mwenzako aliyekuwa anatazama meza alichagua la pili.

Nisikufiche kwamba majaji hawakubaliani wote hapa. Italia ina misalaba kwenye kuta za madarasa ya shule za umma. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hilo linakiuka haki za wazazi na watoto, majaji wote saba wakiwa pamoja. Mwaka 2011 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likageuza kwa kura 15 dhidi ya 2, likisema msalaba ukutani ni alama iliyotulia, haihubiri, na kila nchi iachiwe nafasi kulingana na historia yake. Hukumu hiyo haikunishawishi. Alama iliyotulia machoni pa aliyeizoea huwa inasema mengi kwa mgeni. Lakini hata ukiikubali, sala haijatulia ukutani. Inataka watu wasimame na waitikie.

Wajumbe wenzako waambie hakuna anayewanyang'anya sala. Waisali kabla ya kikao, pamoja, kwenye chumba cha pili au chini ya mti, kama watu. Kikao kikifunguliwa, mwenyekiti anaweza kuomba dakika moja ya ukimya, kila mmoja akamkumbuka anayemkumbuka. Nimeona taasisi zikifanya hivyo na hakuna aliyepoteza imani yake.

---

Mpenda Usawa amejibu:

Wakili, bado naamini sare husaidia, sijabadilika kwenye hilo. Ila hiyo ya 1989 sikuwa naijua, na ya korido imenigusa. Nimewahi kusimama kwenye korido kama ile.

---

Mjumbe wa Bodi ameandika:

Nimekaa usiku huu nimeandika rasimu. Naomba mniangalizie kabla sijaipeleka:

"Mwanafunzi atavaa sare kamili ya shule. Mwanafunzi ambaye dini au utamaduni wake una vazi au alama ya lazima ataruhusiwa kuivaa, kwa rangi ya sare pale inapowezekana, baada ya mzazi kuwasilisha maelezo kwa maandishi. Shule inaweza kuweka masharti kwa sababu ya usalama au ya masomo, na itaeleza sababu hizo kwa maandishi."

Na kuhusu sala, nimemwomba mwenyekiti tuonane kabla ya kikao kijacho. Nitaanza kwa kumwuliza kama aliwahi kumwona yule mwenzetu.

---

Wakili wa Zamani amejibu:

Rasimu ni nzuri, na hiyo ya kueleza sababu kwa maandishi itawaokoa siku mtakayopelekwa mahakamani, maana mtakuwa mmeshalijibu swali la jaji kabla hajaliuliza.

Futa maneno mawili tu: "ya lazima". Ukiyaacha, bodi yako itakaa kuamua kipi ni lazima katika dini ya mtoto wa mtu, na yule mwenye kipini atakosa nafasi. Weka "ambayo anaiamini kwa dhati". Mengine yote yaache kama yalivyo.